Redio Mpya ya Gari na Safari ya Mbale

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Himdi zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana wanafunzi, leo nataka kuwasimulia habari ya redio ya gari. Najua wapo watakaoshangaa: mwalimu wa madrasa na redio ya gari, wapi na wapi? Nivumilieni. Huenda ndani ya gari lenu mna jambo kama lililokuwa ndani ya langu.

Gari langu ni Toyota Vitz ya mwaka 2002. Ni dogo, lakini limetubeba kwa miaka mingi, alhamdulillah. Linanipeleka madrasani hapa Jinja, linatupeleka sokoni na mazikoni, na kila muhula linampeleka binti yangu mkubwa Mbale, anakosoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, kile kilichofunguliwa mwaka 1988 kwa juhudi za Jumuiya ya nchi za Kiislamu.

Aliyewahi kununua gari dogo lililotumika Japani anaijua shida ya redio yake. Redio za FM za magari ya Japani zilitengenezwa kushika masafa ya 76 mpaka 90, kwa kuwa kwao ndiko stesheni zilikokuwa. Kwetu Uganda stesheni ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo redio hiyo inaambulia vipande viwili tu vya mwanzo, na zaidi ya hapo ni kelele. Mafundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena kinachoyashusha masafa. Kikishusha kwa 16, stesheni ya 100 unaitafuta kwenye 84. Ukitaka kusikia mawaidha lazima kwanza upige hesabu ya kutoa. Tena redio yangu ilikuwa na tundu la MD, visahani vidogo ambavyo Wajapani walivipenda sana zamani, na ambavyo mimi sijapata kuviona hapa Jinja hata siku moja. CD ilikuwa inaruka kila tunapopita shimo. Na spika za milangoni karatasi zake zilikwisha kuchanika.

Mwanangu wa tatu, ambaye sasa ana miaka 11, alianza kuhifadhi Juzuu Amma. Nikawa namfungulia kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary kila asubuhi tukienda madrasani. Wengi mnamjua sheikh huyu wa Misri, aliyefariki mwaka 1980. Yeye ndiye aliyerekodi msahafu mzima kwa kisomo cha murattal, ukatangazwa redioni mwaka 1961, na mpaka leo walimu tunamtegemea kwa sababu kila herufi anaitoa mahali pake. Lakini kila nikimsikiliza kijana wangu nyumbani, nasikia anaisoma *tha* kama *sin*. Nikamkosoa, akarudia vile vile. Mwisho akaniambia, "Baba, hata sheikh wa kwenye gari anasoma hivi."

Nikaenda nikakaa ndani ya gari peke yangu, nikafungua. Wallahi mtoto alikuwa mkweli. Sauti za herufi kama *sin*, *tha* na *swad* ni nyembamba, na spika iliyochanika haiwezi kuzitoa. Zote zilikuwa zinatoka kama mvumo mmoja. Basi nikaweka nia ya kubadilisha redio na spika. Nilidunduliza miezi mitano, nikapata shilingi 280,000.

Nieleze kidogo kazi yenyewe ilivyokwenda, kwa faida ya anayetaka kufanya kama mimi. Redio ya Toyota ni pana kuliko redio za kawaida za madukani. Ya Toyota ina milimita 200, ya dukani 178 hivi, kwa hiyo zinabaki nafasi pembeni na zinahitaji vipande vya plastiki vya kuziba. Kwenye boksi utaona imeandikwa wati 50 mara nne. Usidanganyike, kwa kawaida nguvu yake halisi haifiki hata nusu ya hizo, na kwa gari dogo inatosha kabisa. Mimi nilinunua redio ya kawaida yenye tundu la flashi, spika mbili za milango ya mbele, na vispika viwili vidogo vya sauti nyembamba.

Kosa nililofanya ni moja. Ipo soketi maalumu inayounganisha plagi ya Toyota na redio mpya bila kukata waya hata mmoja. Mimi nikaona ni gharama ya bure. Fundi akakata waya za gari, akazisokota kwa mkono na kuzifunga kwa tepu nyeusi. Redio mpya ina waya mbili za umeme: wa manjano, unaokaa na umeme saa zote ili redio isisahau saa na stesheni, na mwekundu, unaopata umeme ukigeuza ufunguo tu. Fundi alizifunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa saa zote. Asubuhi ya pili betri ikawa imekufa, na watoto 40 wakaningoja madrasani. Akaja akatenganisha, akafunga tepu nyingine, akasema, "Ustadhi, sasa tulia." Nikatulia.

Na kwa kweli sauti ilikuwa safi, masha Allah. Kijana wangu aliisikia *tha* akaishika ndani ya wiki moja. Mimi nikafurahi kupita kiasi. Nikaijaza flashi msahafu mzima, na ikawa nikiwasha gari, Qur'an inasoma. Nikienda dukani inasoma. Nikizungumza na watu dirishani inasoma. Nikawa najisifu moyoni kwamba gari langu halina upuuzi.

Binti yangu alipofunga chuo nilikwenda kumchukua, nikamrudisha Jinja na Qur'an ikisoma njia nzima. Likizo ikaisha, nikamrudisha Mbale vile vile. Katikati ya muhula alikuja nyumbani kwa msiba wa shangazi yake, na baada ya siku tatu nikawa namrudisha tena.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Tukasoma dua ya safari, nikafungua redio tulipofika Bugembe. Mpaka Iganga barabara ina malori mengi yanayokwenda Malaba na Busia, basi nikaongeza sauti. Tukakata kona ya Nakalama kuingia barabara ya Tirinyi. Baada ya hapo kidogo gari likapita kwenye shimo, na redio ikazima. Taa zake zote zikafa, na hata tundu la kuchajia simu likafa. Gari lenyewe liliendelea kwenda kama kawaida. Baadaye nilifahamu kwamba ile tepu ililegea kwa joto, waya ukagusa chuma, na fyuzi ikakatika. Na ilikatika kwa rehema ya Allah, maana kama fundi angeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, kama wengine wanavyofanya, pengine waya ungewaka moto.

Basi tukaenda kimya. Tulipokaribia Namutumba binti yangu akasema, "Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba muhula uliopita ameanguka mitihani miwili. Akasema haoni vizuri. Maandishi ya ubaoni na yale yanayorushwa ukutani anayaona kama ukungu, kichwa kinamuuma kila jioni, na amekuwa akinakili kwenye daftari la mwenzake, ambalo siku nyingine linakuja na siku nyingine haliji. Hali hiyo ilikuwa na miezi minane.

Niliteremka pembeni nikasimamisha gari. Nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Kwa nini hukuniambia safari zile mbili? Tulikuwa pamoja saa tatu nzima, mimi na wewe tu!"

Akanijibu kwa adabu, macho yake chini: "Baba, ulikuwa umefungua Qur'an tangu Bugembe mpaka getini. Na wewe ndiye uliyetufundisha tusizungumze inaposomwa. Nilingoja imalizike. Haikumalizika."

Ndugu zangu, sikuwa na jawabu. Ni kweli nimewafundisha hivyo. Aya ya 204 ya Suratul-A'raf inatuamrisha kusikiliza na kunyamaza inaposomwa Qur'an. Wanavyuoni wengi wamesema wajibu wa amri hiyo ni ndani ya swala, na nje ya swala ni adabu inayopendeza kwa muumini. Mtoto wangu aliishika adabu hiyo. Mimi mwalimu wake ndiye niliyeivunja, kwa sababu katika safari zile nilikuwa nikiwaza deni la ada, nikijibu simu, nikiwapigia honi wenye bodaboda. Nilikuwa na sauti ya Qur'an masikioni na sikuwa msikilizaji. Na kwa kuiacha isome saa tatu mfululizo bila kuisikiliza, nilimfunga mdomo mtu aliyekuwa akinihitaji.

Nyumbani kwetu tuko wanane. Mtoto hapati nafasi ya kukaa na baba yake peke yao ila ndani ya gari lile, na njia ya Mbale ina kilomita zaidi ya 140. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu wale anaowachunga. Nikajiuliza, nitaulizwa kuhusu spika au nitaulizwa kuhusu macho ya binti yangu? Shilingi 280,000 nilizipata kwa *tha* ya kijana, na *tha* ile ilistahiki. Lakini kwa dada yake hata swali moja sikuwa nimemuuliza.

Tulivuka Mpologoma tukizungumza. Tulizungumza mpaka ukuta wa mlima Wanale ukaonekana mbele yetu. Nilisikia mambo mengi siku ile, mengine ya kuchekesha, mengine nisingependa kuyasikia. Tulipofika mjini tulipitia kwa daktari wa macho kabla ya kwenda chuoni. Nilikuwa na shilingi 60,000 mfukoni, nikatoa kianzio cha miwani na zilizobaki nikazilipa mwezi uliofuata. Mitihani ile miwili ameirudia. Mmoja amefaulu, wa pili tunangoja majibu. Muombeeni dua.

Redio nimeitengeneza, na bado naipenda. Haya ndiyo niliyojifunza, huenda yakamfaa mmoja wenu:

1. Nunua soketi ya kuunganishia, usikubali waya za gari kukatwa. Waya wa manjano na mwekundu zisifungwe pamoja. Fyuzi ikikatika weka fyuzi ya kipimo kile kile, kisha tafuta sababu.

2. Fedha zikiwa chache anza na spika. Redio nzuri juu ya spika iliyochanika ni hasara, hasa kwa mtoto anayejifunza makhraji ya herufi.

3. Msahafu mzima wa murattal unaenea kwenye flashi ya GB 4. Iandae kwa mfumo wa FAT32, maana redio nyingi za bei nafuu hazisomi mfumo mwingine, na yape mafaili majina kuanzia 001 mpaka 114 ili sura zisije kwa kupinduana.

4. Sauti isizidi kiasi cha kuisikia honi ya nyuma yako. Tunakumbuka wasia wa Luqman kwa mwanawe juu ya kuinamisha sauti.

5. Qur'an ukiifungua, isikilize wewe kwanza. Ukiona huwezi, una simu au una mazungumzo, izime kwa heshima. Kuizima ili umsikilize mwanao si dharau kwa Qur'an.

Siku hizi tuna kanuni yetu. Kutoka nyumbani mpaka Nakalama, kama kilomita 40, tunasikiliza pamoja, na aliye na swali la tafsiri ananiuliza kisomo kikiisha. Tukikata kona ya Tirinyi mimi nanyoosha mkono nazima. Watoto wameshajua maana yake. Aliye na neno, aseme.

Tunamuomba Allah (S.W.) aifanye Qur'an kuwa nuru ya majumba yetu na ya vyombo vyetu vya safari, atujaalie kuwa wenye kuisikiliza na kuifuata, na atupe masikio ya kuwasikia watoto wetu kabla hawajachoka kutungoja. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu yenu katika Uislamu,
Mwalimu wa madrasa, Jinja