Stata Inayokataa kwa Zamu: Kutoka Maisha ya Fundi wa Umeme wa Magari, Bukoba na Muleba

Katika ufundi wa umeme wa magari hakuna hitilafu inayochosha kuliko ile ya kuja na kuondoka, yaani ile ambayo gari huionyesha likiwa njiani na kuificha mara tu linapoingizwa gereji, kwa sababu fundi hufanya kazi kwa kuona kitu kikikataa, na gari linalowaka vizuri mbele yake halimwambii lolote. Mwandishi wa tawasifu hii, ambaye umri wake wa kazi umepita kati ya Bukoba mjini na Wilaya ya Muleba, alikutana na hitilafu hiyo katika magari ya kila namna, lakini inayoelezwa hapa ni ya pikapu moja ya dizeli, kwa kuwa ndani yake mna sehemu kubwa ya yale ambayo kazi ilimfundisha.

Aliingia gereji kama msaidizi katika miaka ya 1980, wakati Mkoa wa Kagera ulipokuwa bado unajikongoja baada ya vita vya 1978 na 1979, vipuri vikiwa adimu na magari mengi yakiwa Land Rover na Peugeot 504. Land Rover za zamani zilikuja na hendeli, chuma kilichopindwa ambacho huchomekwa mbele ya injini na kuzungushwa kwa mkono, hivyo dereva mwenye stata mbovu aliweza kuendelea na safari zake akiwa na misuli tu. Stata yenyewe, ambayo ni mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka ianze kujiendesha, ilikuwa imekwisha kuzoeleka duniani tangu ilipofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912 huko Marekani. Pikapu za Kijapani zilizoenea baadaye hazikuja na hendeli, na stata ikikataa, dereva hubaki na njia moja ya kusukuma, jambo ambalo kwenye miteremko ya Kamachumu ni jepesi, lakini kwenye tambarare ya bandari ya Kemondo, gari likiwa limejaa magunia ya kahawa, ni adha tupu.

Mafundi wa Bukoba wana tabia, na tabia hiyo ina sababu, ya kuishuku betri kabla ya kitu kingine chochote. Mji huo hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu maradufu ya Dar es Salaam, na unyevu wake huotesha kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri na kwenye waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na bodi ya gari ili umeme upate njia ya kurudi. Kwa hiyo kusafisha vichwa na kukaza nati huponya magari mengi sana, na mazoea hayo ya kupona ndiyo humfanya fundi aache kupima.

Mwenye pikapu, mzee wa Muleba aliyekuwa akifanya biashara ya ndizi na kahawa, alikuwa amekwisha kununua betri mpya kwa ushauri wa gereji nyingine, na tatizo likabaki pale pale. Baada ya shikamoo, fundi alimuuliza swali ambalo kwa maoni yake hutangulia spana yoyote.

“Mzee, ikikataa, injini inazunguka bila kuwaka, au haizunguki kabisa?”

“Haizunguki. Inalia ‘ta’ mara moja, basi. Nikirudia rudia ufunguo, mwisho inaitika.”

Jibu hilo liliondoa nusu ya mashaka. Injini ya dizeli inayozunguka bila kuwaka huelekeza kwenye mafuta, hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta, au hita za kupashia chumba cha mwako asubuhi ya baridi. Isiyozunguka huelekeza kwenye umeme wa stata. Ikiwa kimya kabisa, hushukiwa swichi, fyuzi au rilei. Ikilia mfululizo, betri imeishiwa au mguso wake ni hafifu. Mlio mmoja mzito, taa za dashibodi zikibaki na mwanga wake, huashiria kwamba solenoidi imevuta lakini umeme mkubwa haukupita. Solenoidi ni koili ya waya iliyo juu ya stata, ambayo hugeuka sumaku ufunguo unapozungushwa, ikavuta pini yenye kisahani cha shaba nyekundu, na kisahani hicho kikaunganisha vipande viwili vya shaba ambavyo kimoja hutoka kwenye betri na kingine huingia kwenye mota.

Pikapu iliwaka gereji asubuhi nzima bila kosa, na hapo ndipo wengi huanza kubadilisha vipuri kwa kubahatisha, mwenye gari akilipia kila bahati isiyoangukia. Mwandishi alipendelea kufunga mita ya volti mapema na kungoja: waya mmoja wa mita kwenye nati kubwa inayopokea umeme wa betri, mwingine kwenye nati ya kuingilia mota, kisha kijana wa gereji akawa anawasha na kuzima. Kila injini ilipoitika, mita iliyoonyesha volti za betri kabla ya ufunguo ilishuka karibu na sifuri, kwa kuwa shaba zilikuwa zimegusana. Alasiri, injini ikiwa imepata moto, mlio mmoja ulisikika na mita ikabaki juu ya volti 12. Waya mdogo wa kutoka kwenye swichi nao ulipimwa ukakutwa na umeme wa kutosha, hivyo swichi, rilei na betri vilitoka hatiani kwa pamoja.

Kifuniko cha solenoidi kilipofunguliwa, kipande cha shaba cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa na cheche hadi kuwa chembamba upande mmoja, na kisahani kilikuwa na mashimo meusi ukingoni. Hii ndiyo sababu ya kuja na kuondoka: pini huweza kujizungusha kidogo kila inapovutwa, kwa hiyo kisahani mara hukutana na shaba kwa sehemu yake nzima, mara kwa shimo, na mzee aliporudia ufunguo alikuwa, bila kujua, akitafuta sehemu nzima. Vipande vipya viliagizwa Mwanza, na pini yenye kisahani chake ikabadilishwa pamoja navyo, kwani shaba mpya ikigongwa na kisahani chenye mashimo huliwa upesi. Stata yenyewe haikuwa na ubovu mwingine.

Mwenye gari linalokataa kwa zamu anaombwa, kabla ya kununua betri, amweleze fundi mambo matatu: injini ilizunguka au la, ililia vipi, na ilikuwa ya moto au ya baridi.