Kiko Kidogo na Daftari la Ubatizo



Miaka kadhaa kabla ya vita kuufikia mji wetu wa Bukavu, kijana mmoja wa kundi letu alikamatwa huko Kadutu, siku ya Ijumaa jioni, akitoka kwenye mazoezi ya kwaya. Askari wa doria walifungua mkoba wake wakakuta daftari la hesabu, karatasi za kusokotea sigara, na kiko kidogo cha mti kilichokuwa kinanuka bangi. Bangi yenyewe haikuwemo, hata punje moja. Kijana alieleza kwamba vitu vile ni vya rafiki aliyemwomba amtunzie. Jina la rafiki huyo hakulitaja, na hakuna aliyejitokeza kumtetea. Usiku huo alilala kasho.

Hatutamtaja kijana, wala kituo alichofungiwa. Kosa tunalotaka kulisimulia ni letu sisi, makatekista wawili tuliokuwa zamu Jumamosi iliyofuata.

Mama yake alitufikia asubuhi, kabla hatujaanza mafundisho ya kipaimara. Hakuja kuomba pesa. Alikuja kuomba cheti cha ubatizo. Mtoto wake alikuwa na miaka 17, lakini katika hati ya polisi, ile tunayoiita PV, alikuwa ameandikwa miaka 19, kwa sababu ni mrefu na ndevu zilikwisha kuanza kumwota. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, kama watoto wengi wa mtaani kwetu. “Walimu,” alisema, “daftari lenu linaijua siku aliyozaliwa. Niandikieni hilo tu.”

Tulimjibu kwamba sekretariati imefungwa, arudi Jumatatu. Ukweli ni kwamba ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mmoja wetu. Tulitaka kwanza tujue kama mtoto ana hatia. Tulihofia pia jina la parokia lisije likatajwa katika mambo ya bangi. Tulimwambia mama kwamba tutamwombea, naye akashukuru, akaenda zake.

Wakati sisi tukingoja, sheria ilikuwa inahesabu saa. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe kuwasiliana na jamaa yake au mtetezi wake. Na asizuiliwe na polisi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Katiba hiyo hiyo inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Tena iko Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Kwa sheria hiyo, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kesi yake ni ya hakimu wa watoto, ambaye anaweza kumkaripia na kumrudisha kwa wazazi. Kwa hiyo kati ya 17 na 19 palikuwa na tofauti kubwa: tofauti ya kurudi nyumbani na kulala gerezani.

Jumatatu adhuhuri tulimpa mama cheti. Asubuhi ile ile kijana alikuwa amekwisha kufikishwa parke kama mtu mzima, na toka hapo akapelekwa katika gereza kuu la Bukavu, nyumba ya wakati wa ukoloni iliyojengwa kwa watu wapatao 500, ambayo kwa miaka mingi ilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Mtu mzima anayezuiliwa kwa amri ya hakimu kabla ya kuhukumiwa hukaa siku 15 kwanza, kisha amri inaweza kuongezwa mwezi kwa mwezi. Zilipita wiki tatu hata jalada lake likamfikia hakimu wa watoto, akamrudisha kwa mama yake. Katika wiki hizo tatu mtihani wa dola, Exetat, ulifanyika bila yeye. Mwaka mzima wa shule ulipotea, na jasho la mama aliyekuwa akiuza samaki ili alipe minervali.

Mtauliza: kiko kitupu kinaweza kumfunga mtu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 juu ya dawa za kulevya, ambao nchi yetu imeukubali, unataka vyombo vinavyotumika katika kosa vikamatwe na kutaifishwa. Hapo chombo ni kielelezo, nacho hakitoshi kuwa hukumu. Lakini nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: sheria ya Kenya ya mwaka 1994 inahesabu kuwa na kiko cha kuvutia bangi kuwa ni kosa lenyewe, hata kama ndani yake hamna kitu.

Wengi wenu huvuka Ruzizi kwenda kufanya biashara ndogo upande wa pili. Basi jueni kwamba sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inamwadhibu anayetumia dawa za kulevya kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi miwili, au kazi za manufaa ya umma. Anayezisafirisha, kuzitunza au kuziuza, zikiwa za kundi la hatari kabisa, hupewa miaka 20 hadi kifungo cha maisha. Na bangi imewekwa katika kundi hilo. Neno “nitunzie” linalosemwa kirahisi kati ya marafiki linaweza kumaliza ujana wa mtu kabla hajafika katikati ya daraja.

Kwa hiyo msibebe mkoba msioujua yaliyomo. Mkikamatwa, semeni umri wenu wa kweli, ombeni mzazi aitwe, wala msitie sahihi karatasi ambayo hamkusomewa mkaielewa. Mkiambiwa mlipe faini ili jambo liishe, jueni kwamba faini ya kweli huingia katika hazina ya dola na ina risiti. Pesa isiyo na risiti haifungi jalada. Nanyi mnaovuta, tunawaambia bila kuficha: hukumu ikiandikwa, itawafuata siku mtakapoombwa hati ya mwenendo mwema ili mpate kazi.

Mwezi Februari 2025 milango ya gereza kuu ilivunjwa na watu wakatoka. Walikuwemo waliongoja kwa muda mrefu kuitwa mbele ya hakimu. Aliyetoka hivyo hakuhukumiwa, wala hakusafishwa jina. Mtaani anaitwa mfungwa aliyetoroka, na hana karatasi ya kujitetea. Msiwe wepesi kumtupia jina hilo. Sisi tulikuwa wepesi namna hiyo hiyo Jumamosi ile: Katiba ilimhesabu kijana wetu kuwa hana hatia, nasi waalimu wake tukamngojea ajitakase kwanza. Tumewafundisha wengi kwamba kumtembelea mfungwa ni tendo la huruma, na mfungwa wetu alihitaji mistari minne tu kutoka katika daftari.

Alifanya mtihani mwaka uliofuata, akafaulu. Siku alipokuja kuchukua cheti cha pili kwa ajili ya kuandikishwa chuoni, tulimwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mama alinificha kwamba ufunguo mlikuwa nao.” Kumbe mama alijua tangu siku ile.

Sasa ufunguo wa kabati unatundikwa msumarini, nyuma ya mlango wa sekretariati, na kila katekista anajua mahali ulipo. Mzazi akija, hata Jumapili usiku, tunaandika kwanza. Maswali tunayauliza baadaye.