Kabla ya kuambiwa mota imekufa

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini gari likishazeeka, ni rahisi kulichoka. Kila kinachoharibika huonekana hakitengenezeki, na mafundi wengine huishi kwa imani hiyo.

Mama yangu alijua hivyo mwaka jana. Marehemu baba alimwachia Mercedes aina ya W123, gari lililozinduliwa mwaka wa 1976. Ndilo humpeleka kliniki na kanisani. Dirisha la dereva lilishuka likakataa kupanda. Mvua ilipoanza, mama aliziba pengo kwa karatasi ya nailoni. Mafundi wawili walitoa jibu moja: "Mota imekufa, mama. Nunua nyingine." Dalali wa magari akasikia, akaja na bei ya kutupa.

"Mwanangu, acha niliuze tu," mama aliniambia. "Limenichosha."

Nilimwomba anipe Jumamosi moja.

Dirisha la umeme si uchawi. Umeme hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi, ukaingia kwenye swichi, kisha ukafuata nyaya mbili hadi kwenye mota iliyo ndani ya mlango. Njia hiyo ikikatika popote, kioo hakisogei. Basi fuata njia, ukianza na kisichogharimu pesa.

Nilianza na fyuzi. Za gari hili huweza kuonekana nzima ilhali ncha zake zimeshika uchafu. Nilizisafisha; kioo kikabaki palepale. Nikachomoa swichi ya dereva na kuipachika mahali pa ile ya abiria. Kioo cha abiria kikapanda na kushuka, kwa hiyo swichi ilikuwa nzima. Nikafungua ubao wa mlango na kuipa mota umeme wa betri moja kwa moja. Kioo kikapanda! Nilipogeuza nyaya, kikashuka. Mota iliyotangazwa kufa ilikuwa hai.

Ilibaki sehemu ya nyaya peke yake. Mama ndiye aliyetoa fununu: "Mlango ukiwa wazi nusu, wakati mwingine kioo hushtuka." Karibu na bawaba, nyaya hupita ndani ya mpira. Miaka ya kufungua na kufunga mlango ilikuwa imekata waya mmoja, ila huwezi kuuona mpaka uvute mpira ule. Fundi wa umeme mtaani aliulehemu kwa pesa chache, wala haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya mota.

Dalali aliporudi, mama alimkaribisha chai. Gari hakumpa.

Msomaji, ukiambiwa mota imekufa, usitoe pesa kwanza. Mwambie fundi aiunganishe na betri mbele ya macho yako, vidole vikiwa mbali na kioo. Ikizunguka, ugonjwa uko kwingine. Na muulize anayeliendesha gari kila siku. Huenda jibu analo, ila hakuna aliyemuuliza.