Mwezi wa Karibu

Novemba 14, 2016 ilikuwa Jumatatu, na chumba cha habari kizima kilikuwa kinauongelea mwezi. Mimi ndiye niliyepewa kuiandika ile habari. Takwimu zake ninazo kichwani hadi leo: kilomita 356,509 kutoka duniani, karibu kuliko mwezi mpevu wowote tangu Januari 1948. Ukiulinganisha na mwezi mpevu ulio mbali kabisa, huu ulionekana mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 14, na mwanga wake ulizidi kwa asilimia 30 hivi. Nikaituma habari, nikapanda daladala kurudi Mbagala.

Nyumbani umeme ulikuwa umekatika, na wala hakuna aliyelalamika. Mbalamwezi ilikuwa imemwagika uani kiasi cha kuweza kuchambua mchele kwenye ungo. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza kombolela, ingawa kujificha usiku ule ilikuwa kazi bure. Kila mtu alisalitiwa na kivuli chake.

Mama alikuwa ameketi mkekani, uso kauinua juu. Alikuja kutoka Kilwa miezi miwili nyuma kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alishamweleza kwamba lenzi iliyoingia ukungu hutolewa, ikawekwa ya bandia, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Mama hakutaka hata kusikia. "Jicho si jino, baba," aliniambia, na mjadala ukafungwa.

"Unauonaje, Mama?"

"Ipo mitatu," akasema. "Mmoja ndio wenyewe, miwili inaufuata. Na yote imejitanda kanga."

Kwetu pwani mwanamke mzuri husifiwa kwamba ni mwezi wa kumi na nne, na washairi wameitumia sifa hiyo mpaka imechakaa. Sijawahi kusikia mwezi wenyewe ukielezwa hivyo, kama mwanamke aliyejitanda. Ingekuwa katika shairi ningeshangilia. Lakini huyu alikuwa mama yangu, na kanga ile ilikuwa ugonjwa.

Sisi wengine, kusema kweli, hatukuona tofauti kubwa. Asilimia 14 si kitu ambacho jicho litakigundua bila miezi miwili kuwekwa bega kwa bega. Tuliambiwa ni mkubwa, tukauona mkubwa. Mama hakuhitaji kuambiwa. Ni binti wa mvuvi.

"Kesho kutwa bamvua hilo, maji yatapanda mpaka minazini. Vyombo vifungwe vizuri."

Nikamwambia kwamba mara ya mwisho mwezi kusogea hivi ulikuwa mwaka aliozaliwa yeye.

"Na mara nyingine?"

"Novemba 2034."

Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama anayehesabu hela za watu. "Themanini na sita." Kisha akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana ile hesabu nilishaifanya mchana ofisini, nikaiacha nje ya habari.

"Nikiwepo," akasema mwishowe, "nitataka kuona mmoja tu."

Januari alipasuliwa jicho la kulia. Siku ya pili bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona ni utando wa buibui juu ya kabati langu, akauliza naishije humu. La kushoto bado tunabishana.