Kilima cha Salaita na Majina Yasiyoandikwa

Kazi ya serikali ilinipeleka Taveta, nikapanda basi kutoka Voi, safari ya kilomita kama 110. Tulipokaribia mji, mzee aliyeketi kando yangu alinionyesha kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani. Akasema, "Mwanangu, hicho ndicho Salaita. Watu wengi walikufa pale." Kesho yake jioni nilikwenda kukitazama.

Mwaka 1914 mataifa ya Ulaya yaligawanyika makundi mawili. Huku walikuwa Wajerumani na Austria-Hungaria, na baadaye Waturuki. Huku Waingereza, Wafaransa na Warusi. Ugomvi wao ulianza mbali sana, lakini mpaka wa nchi walizozitawala ulipita hapa. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Wajerumani waliiteka Taveta, kisha wakachimba mahandaki Salaita.

Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, wageni katika vita vya nyika, walitumwa kukitwaa kilima. Mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele, kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini kabisa. Askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani waliwangoja, kisha wakawarudisha nyuma kwa hasara kubwa. Waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la Bara Hindi, ambao wageni wale walikuwa wakiwadharau. Fikiri, msomaji: watu wa mabara matatu walikutana nyikani kuuana, wala hapana hata mmoja aliyepata kukosana na mwenzake.

Mjini Taveta nilizuru makaburi ya wanajeshi. Mawe yamepangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa vizuri, na juu ya mawe yameandikwa majina. Nilisoma moja moja, nikijua kwamba nilitafutalo halipo. Baba wa babu yangu, mtu wa Machakos, alichukuliwa mwaka 1917 kuwa mpagazi wa jeshi la Waingereza, akapelekwa kusini. Hakurudi. Wapagazi waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa ni makumi ya maelfu, wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, umepata jina lake kwao, lakini wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Mwezi wa Aprili 2021 serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni kwa kuwa Waafrika na Wahindi wengi waliokufa katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao. Neno hilo ni jema, ijapokuwa limechelewa zaidi ya miaka 100.

Sisi makarani twajua kwamba jambo lisiloandikwa huhesabiwa kana kwamba halikuwapo. Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mzee anayekumbuka habari za aliyekwenda vitani, keti naye. Andika jina la mtu huyo, la baba yake, la kijiji chake, na mwaka aliochukuliwa. La kwetu nimekwisha kuliandika.