Uhura na Nyayo za Laetoli

Toleo la 5, ambalo ndilo la mwisho, la katuni Star Trek/Planet of the Apes: The Primate Directive lilitoka mwaka 2015. Scott Tipton na David Tipton waliikutanisha merikebu ya anga ya Kapteni Kirk na dunia inayotawaliwa na sokwe, ambamo binadamu ni mnyama wa kuwindwa. Michoro ni ya Rachael Stott.

Mpenzi wa Kiswahili humtafuta kwanza Uhura, afisa wa mawasiliano. Jina lake limechongwa kutokana na neno letu uhuru, na mwaka 1966 alisemeshwa Kiswahili katika televisheni ya Marekani. Ajabu ni kwamba kisani humu uhuru haufiki. Waklingoni waliowagawia sokwe bunduki wanashindwa. Kirk naye, aliyefungwa na kanuni ya kutoingilia mambo ya wengine, anang'oa nanga. Wanyonge wanabaki walipo.

Kwa msomaji wa Buger, kule Karatu, mwisho huo una uzito. Katika wilaya jirani ya Ngorongoro zimo nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, za viumbe waliotembea wima kabla ya binadamu. Safari ya utu ilianza kwa miguu. Katuni hii imefungwa kwa haki: uhuru hauletwi na mpita njia.