Chipu ya Mama

Pesa niliyonunulia chipu ile na wenzake ilikuwa pesa ya riwaya yangu. Naanza na hilo ili wewe msomaji, hasa wewe unayeficha daftari la hadithi chini ya godoro kama mimi, ujue mapema kwamba hapa hapakuwa na mchezo. Nilikuwa nimedunduliza shilingi 60,000, kidogo kidogo, nimpe dada wa steshenari anichapie mswada. Mara ikaja simu kutoka nyumbani: mama ameanguka.

Kwetu nyumba iko juu, kisima kiko bondeni. Maji hujikusanya usiku, kwa hiyo mama alikuwa akiamka saa 10 alfajiri, anashika tochi, anashuka kuwasha pampu, kisha tangi likijaa anashuka tena kuizima. Siku hiyo umande ulikuwa mwingi, akateleza. Nilipofika nilimkuta mkono umefungwa hogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Usinitazame hivyo. Mchicha lazima unywe maji."

Kesho yake, saa 10 alfajiri, nikasikia mlango unalia. Alikuwa ameshika tochi kwa mkono wa kushoto!

Nilirudi Dar nikiwa na jambo moja tu kichwani. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikimsaidia fundi mmoja wa redio na simu, kwa hiyo nilijua kwamba kitochi cha zamani, ukikichomeka waya wa masikioni, unaweza kukipanga kijipokee chenyewe. Kikijipokea, mpigaji akibonyeza namba, mlio wa namba ile unatokea kwenye waya. Kazi iliyobaki ni kupata kitu cha kuuelewa mlio ule, kiwashe pampu.

Milio hiyo ina historia yake. Kampuni ya Bell ya Marekani iliianza kwa wateja tarehe 18 Novemba 1963, katika miji ya Carnegie na Greensburg, jimbo la Pennsylvania. Kila namba ni sauti mbili zinazolia pamoja. Mistari ya kulala ina sauti nne za chini: mitetemo 697, 770, 852 na 941 kwa sekunde. Safu za kusimama zina za juu: 1209, 1336 na 1477, na ya nne, 1633, ambayo simu zetu za kawaida hazina kitufe chake. Ukibonyeza 1, unapiga 697 na 1209 kwa pamoja. Ukibonyeza 2, ni 697 na 1336. Walifanya mbili makusudi, maana sauti moja tu mtu anaweza kuipiga kwa mluzi au kuigusa anapoongea.

Fundi alikuwa na kopo limejaa chipu za 567, akaniambia, "Dogo, chukua bure." Kila 567 husikiliza sauti moja, unaielekeza kwa kuzungusha rezista ndogo. Kwa vitufe vyote 12 unahitaji saba. Mimi nilitaka 1 ya kuwasha na 2 ya kuzima, kwa hiyo tatu zilinitosha. Asubuhi nilizipanga zikatii kabisa. Nikajiona profesa! Ilipofika saa 7 mchana, bati la kibanda limepata moto, zikakataa. Joto limezihamisha. Nikazizungusha upya. Basi fundi akachukua simu kunitania, "Haloo, haloo, shamba!" Rilei ikaitika: ta!

Tulicheka, lakini kicheko changu kilikatika njiani. Pampu ikijiwasha kisima kikiwa kitupu inaungua. Na ikijiwasha mama akiwa ameshika mashine ile kwa mkono mmoja mzima uliobaki, je? Cha bure kilikuwa kinanigharimu tayari.

Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanitolea MT8880: "Hii ndiyo kubwa, kaka, inasoma milio na kuitoa." Ni kweli, lakini ile hungoja amri za kompyuta ndogo, na mimi sikuwa na kompyuta wala haja ya kutoa milio. Nikachagua MT8870, chipu yenye miguu 18 iliyobuniwa na Mitel ya Kanada. Angekuwa hana, ningechukua ndugu yake, CM8870. Hii huzitenganisha kwanza sauti za chini na za juu, huzihesabu mitetemo, halafu haiamini haraka: mlio lazima udumu, kwa kawaida kama sehemu 40 kati ya 1,000 za sekunde, ndipo inakubali kwamba ni namba. Ikishakubali, huiandika kwenye miguu minne na kuishikilia hadi namba nyingine ije. Mguu wa kwanza, Q1, unawaka kwa 1 na kuzimika kwa 2. Huo huo nikaupa transista, transista ikabeba rilei. Basi.

Ila kwenye kristali nilitaka kubana matumizi. Chipu hii hupimia muda kwa kristali ya megahezi 3.579545, ile ya televisheni za rangi za Marekani. Nikasema, kumbe ya televisheni! Nikang'oa moja kwenye TV ya kichogo iliyokufa pale kibandani. Nikabonyeza 1: kimya. 2: kimya. Nikabonyeza zote kwa hasira, na nilipogusa 9, chipu ikasema 1. Nilidhani nimeuziwa mbovu. Nilikesha na kalamu ya riwaya nikipiga hesabu. Televisheni za huku kwetu zilikuwa za mfumo wa PAL, na kristali yake ni 4.433619. Saa ya chipu ilikuwa inakimbia karibu robo zaidi, kwa hiyo ilingoja kila mlio mahali pa juu kuliko ulipo, na sauti za 9 ziliangukia karibu sana na pale ilipokuwa ikizingoja za 1. Chipu haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyeipa saa ya mtu mwingine.

Nilinunua kristali yake. Tukafuatana na fundi wa umeme, yeye akafunga upande wa pampu, maana huko hakujaribiwi. Kabla ya kumkabidhi mama, niliongea kwenye simu ile nusu saa nzima, nikaimba, nikapiga miluzi. Rilei ililala.

Mama alipiga saa 10 alfajiri akiwa amekaa kitandani. Akabonyeza 1 kwa kidole gumba cha kushoto. Tulinyamaza sote. Kisha juu ya nyumba tangi likaanza kunguruma.

"Yanapanda," alisema. Akabaki amekaa vile vile, tochi imezimwa mapajani, kama mtu asiyejua afanye nini na muda huo. Baadaye akaniuliza, "Na kile kitabu chako kimefika wapi?"

Sikumwambia kwamba shilingi 60,000 zimekwisha. Nilimwambia kinaendelea, na si uongo. Mswada bado uko kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, na siku hizi nausoma upya kabla ya kuanza kudunduliza tena. Nimekwishagundua sura mbili nilizoziandika kwa pupa, nikikimbilia kila sauti iliyonipitia kichwani. Hizo nitaziandika upya. Nyumbani naambiwa mkono umepona, na mchicha unakunywa maji.